Herufi Mia Moja Sitini

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Mkuu wa kitengo ametuagiza kila mmoja aandike kumbukumbu za zamu msimu mzima, na mimi siwezi kuandika kumbukumbu bila kunung'unika, kwa hiyo nimenunua daftari. Ya kazi yatakaa kwenye kompyuta, manung'uniko yatakaa hapa.

Kazi yenyewe ni hii. Nakaa mbele ya skrini mbili katika Kitengo cha Tahadhari. Mto ukipanda, upepo ukizidi, ghala la kemikali likishika moto, mimi ndiye ninayeandika maneno yanayoingia kwenye simu zote za eneo kwa mpigo mmoja, pamoja na king'ora. Nachagua minara ya simu, naandika, Mkuu anaidhinisha, nabonyeza. Herufi mia moja sitini, nafasi zikihesabiwa. Zamani nilikuwa mhariri wa gazeti, miaka kumi na tisa, na nadhani waliniajiri kwa sababu naweza kukata maneno ya mtu bila huruma.

Simu yangu mwenyewe haikulia leo hata mara moja.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Redio kwa kuwa mdomo wake haupoi, amenisimulia harusi ya binamu yake kuanzia saa tatu. Saa sita tunakwenda kula, bibi harusi alikuwa bado hajatoka saluni.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwenda bondeni kwa baba. Ana miaka sabini na tisa na goti moja zima. Alikuwa mkaguzi wa mizani: akiingia dukani na sanduku lake la mawe ya shaba ya kupimia, wenye maduka walikuwa wanatoka jasho. Hadi leo huwezi kumwambia "kama kilo mbili hivi". Atakuuliza ni mbili au si mbili.

Nimemwambia ahamie kwangu msimu huu, ghorofa ya tatu, hakuna mto utakaofika.

"Nije tukae wawili tutazame ukuta?" akasema. "Hapa angalau nasikia cherehani."

Cherehani ni ya mpangaji wake wa chumba cha mbele, fundi nguo wa miaka sitini na ushee. Watu humwita Mama Pindo. Hana mtoto, umama wenyewe kapewa na mapindo ya suruali za watu. Anampikia baba, anamfulia, anajua dawa zake kwa rangi. Leo kaniambia, "Mwanangu, umekonda." Mwanangu! Utadhani alininyonyesha. Mwanamke anayejipendekeza kwa mzee mwenye nyumba ya vyumba vinne ana hesabu zake, na nimeshaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Jumanne, 12 Machi

Hakuna. Mto mita moja na nusu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimeharibu. Naandika polepole ili nisijidanganye.

Saa nne asubuhi ilikuwa zoezi la bondeni, la kwanza la msimu. Kanuni inasema ujumbe wa zoezi lazima uwe na neno "zoezi". Haisemi likae wapi. Mimi na uhariri wangu nikaona ujumbe mzuri huanza na jambo lenyewe. Nikaandika mto unapanda, tokeni nyumbani, pandeni shule ya juu, chukueni dawa, saidieni wazee, na mwisho kabisa: hili ni zoezi. Mkuu akaidhinisha. Kisha nikaona sentensi ya kwanza inachechemea, nikaomba niongeze neno "sasa" na nukta. "Hivyo tu?" akauliza. "Hivyo tu." Akasema haya.

Mfumo hukata kila kinachovuka herufi mia moja sitini, na haukuambii. Simu elfu kumi na nne zikapiga king'ora na kusema tokeni sasa, na kule mwishoni hapakuwa na zoezi lolote.

Kusahihisha mara moja haikuwezekana. Ujumbe ukishatoka, eneo lile hufungwa kwa nusu saa, ili watu wasichoshwe na king'ora. Nikakaa nusu saa nzima natazama kamera ya darajani. Watu walikuwa wanakimbia na magodoro. Mwanamume mmoja alikuwa amembeba mkewe mgongoni na mke ndiye aliyeshika mwavuli. Redio akaniletea maji, akaanza kusimulia jinsi yeye alivyowahi kutuma tahadhari ya kimbunga mahali pasipo na hata upepo, nikamwambia anyamaze. Nusu saa ilipokwisha nikatuma masahihisho.

Mchana Mama Pindo akanipigia. Baba alikuwa wa kwanza kutoka uani. Alipanda na sanduku la mawe yake ya shaba, akateleza kwenye tope mbele ya lango la shule, mawe yakatawanyika. Watu walikuwa wameshasoma masahihisho, wakacheka. Mmoja akapaza sauti kwamba binti wa huyu mzee ndiye aliyetukimbiza. Aliyemwinua ni yeye Mama Pindo, na akaokota mawe yote kumi na mawili.

Sijafukuzwa. Nimepewa barua ya onyo. Ingekuwa nafuu wangenifukuza.

Jumapili, 17 Machi

Baba hakuitikia salamu yangu. Alikuwa amekaa kitandani, goti limevimba, simu mkononi.

"Mama," akasema, maana huniita hivyo hata akikasirika, "tazama." Akanionyesha: amezima tahadhari zote. Sikujua hata kama anaweza kuipata sehemu hiyo kwenye simu.

"Baba, usifanye hivyo. Nilikosea mara moja."

"Mizani ikidanganya mara moja nilikuwa navunja muhuri. Sikuwa nauliza imedanganya kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Sitoki tena humu kwa simu yako. Maji yakija nitayaona mwenyewe."

Nikamwambia maji ya mto ule hayaji yakaonekana. Hunyesha mlimani, huku jua linawaka, na ukisikia mlio umeshachelewa. Akageukia ukutani. Baba akishageukia ukutani mazungumzo yamekwisha, marehemu mama alinizoesha hivyo.

Mama Pindo alinisindikiza hadi barabarani. "Mimi sijazima ya kwangu," akasema. "Atapoa." Nikamjibu kwa shingo upande. Sikutaka huruma ya mpangaji.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Baba hapokei simu. Mama Pindo kaandika: "Mzee kala. Goti linashuka."

Ijumaa, 22 Machi

"Mzee kala. Kalalamikia chumvi, maana yake kapona."

Jumatatu, 25 Machi

Mvua siku nzima. "Mzee kala."

Nimejibu kwa mara ya kwanza: "Asante." Nikakaa na ile simu mkononi muda mrefu, sijui nilitegemea nini kingine.

Jumamosi, 30 Machi

Zamu yangu ya mapumziko. Nimefua, nimepiga pasi, nimepanga vikombe vyangu viwili. Aliyekuwa mume wangu aliondoka miaka minne iliyopita na akaniachia vikombe sita. Vinne nimevivunja mwenyewe kwa nyakati mbalimbali. Mchana Mama Pindo kapiga. Nikadhani baba kapatwa na kitu.

"Hapana, mzee mzima. Nauliza wewe. Umekula nini leo?"

Nikasema chai.

"Chai si chakula, mwanangu. Chai ni maji yaliyovaa nguo. Nenda kapike."

Nilipokata simu nililia. Najua kabisa kwa nini: miaka minne hii hakuna aliyeniuliza nimekula nini. Naandika maneno yanayosomwa na watu elfu kumi na nne na hakuna hata mmoja anayejua kama nimeshinda na njaa. Nikapika wali, nikala kwenye sufuria.

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda bondeni. Baba bado ni ukuta, ingawa alikubali kunywa chai niliyomtilia. Nimekaa zaidi na Mama Pindo, kwenye kiti cha wateja, nikimvutia uzi. Amefika mji huu miaka thelathini iliyopita na cherehani hiyo hiyo. Hana ndugu anayejua alipo. Simu yake ina namba za wateja, ya baba, na yangu. Nilimuuliza haoni upweke.

"Naona," akasema, akikata uzi kwa meno. "Ndiyo maana napenda king'ora chenu. Kikilia, hata mimi nimo."

Nimerudi nikiwa na aibu kwa yote niliyoandika juu yake huko nyuma. Sitayafuta. Acha yakae yanisute.

Alhamisi, 11 Aprili

Mto mita mbili na robo. Redio anaumwa koo. Ofisi ina amani isiyo ya kawaida, na nimegundua kwamba siipendi.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimempigia baba mara sita. Mama Pindo: "Anaitazama inalia. Mvumilie."

Ijumaa, 19 Aprili

Saa moja jioni. Niko ofisini bado. Ndiyo kwanza nashika kalamu.

Asubuhi jua lilikuwa linawaka. Saa saba mchana mpimaji wa kituo cha mlimani akapiga: mita nne na nusu na inapanda. Mkuu alikuwa mkutanoni wizarani, na asipokuwepo anayeidhinisha ni Redio. Saa saba na dakika ishirini tukatuma ujumbe sahihi kabisa, kila neno mahali pake: mto umefurika mlimani, maji yatafika bondeni kabla ya saa tisa, hili si zoezi, tokeni sasa, pandeni shule ya juu.

Tukageukia kamera. Nikaona mtu darajani anatoa simu mfukoni, anaisoma, anamwonyesha mwenzake. Wakacheka, simu ikarudi mfukoni. Muuza viatu akaendelea kupanga viatu vyake juani. Hakuna aliyetoka. Hakuna! Ni mimi niliyewafundisha kutotoka.

Nikampigia baba. Safari hii alipokea.

"Baba, toka. Maji yanakuja."

"Ni zoezi?"

"Si zoezi, baba, imeandikwa si zoezi."

"Na ile siku iliandikwa nini?" Akakata.

Eneo limefungwa nusu saa. Dakika zote hizo nilikuwa naandika na kufuta. Najua kanuni ya kwanza ya kazi hii, niliisaini: ujumbe haumwiti mtu. Hauna dada, hauna kaka, hauna tafadhali. Lakini nilikuwa nimeshawapa ujumbe mzuri na wameucheka. Saa saba na dakika arobaini na tisa nikamgeuzia Redio skrini. Niliandika hivi:

"Baba, toka nyumbani sasa. Maji yanafika kabla ya saa tisa. Hili si zoezi. Panda shuleni. Nakuomba. Ni mimi, mwanao."

Akausoma. "Hii itatumwagia unga wote wawili," akasema.

"Najua."

"Baba yako kazima tahadhari. Hatauona."

"Wengine watauona."

Akaidhinisha. Nikabonyeza saa saba na dakika hamsini.

Sijui nieleze vipi kilichotokea darajani. Yule wa kwanza aliyecheka akasoma, hakucheka. Alisimama. Kisha akakimbia, na si kupanda, kushuka, kwenda nyumbani kwao kuita watu. Muuza viatu akaacha viatu. Watu wakaanza kutoka vichochoroni, wazee kwa mikokoteni, kwa baiskeli, mmoja juu ya mlango uliong'olewa. Kila mtu alikuwa na baba yake, au alikuwa baba wa mtu. Simu za ofisi zikalia, watu wa mitaa ya mbali wanauliza kama ujumbe huo umetoka kwa mtoto wao.

Saa nane na dakika kumi na moja simu yangu ikatikisika. Mama Pindo: "Mzee nimemtoa." Nikaiweka kifudifudi juu ya meza, nikaweka kichwa juu yake, nikalia kwa sauti. Redio akanipigapiga mgongo, akasema, "Haya, haya, baba yuko juu." Sijawahi kumpenda mtu wa ofisini kama nilivyompenda dakika ile.

Maji yalifika saa tisa kasoro dakika kumi. Kamera ya darajani ilizimika.

Jumamosi, 20 Aprili

Jana sikuusoma wote.

Nimefika shuleni saa mbili asubuhi. Baba yuko darasa la tatu, kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Aliponiona hakuniuliza habari. Aliuliza, "Fundi yuko wapi?"

Nikasema nadhani yuko madarasa ya nyuma. Nikazunguka yote. Kisha nikatoa simu nimwandikie, na ndipo nikauona ujumbe wake ulivyo, mrefu, umekaa pale tangu jana:

"Mzee nimemtoa. Alikataa nikamsomea simu yangu mwanao anakulilia, ndo akainuka. Kachukuliwa na mafundi wa gereji. Ye kakazania vitu vyake basi nabaki kuvipandisha juu ya meza na kumwangalizia nyumba. Usiwe na wasiwasi mwanangu umeshampata."

Saa nane na dakika kumi na moja. Maji saa tisa kasoro kumi. Dakika thelathini na tisa, simu ikiwa chini ya paji la uso wangu.

Majirani wa pande zote mbili wapo, walitoka maji yakiwa kifuani. Nimewauliza kwa nini hawakuondoka mapema kama wengine. Mke wa jirani alinitazama kwa haya. "Dada, sisi tunakujua," akasema. "Wengine walidhani wanaitwa wao. Sisi tulijua ni ya kwenu, unamwita mzee. Tukasema ile ya serikali ilishatoka, hii ni ya mtu na baba yake."

Jumapili, 21 Aprili

Hatujampata.

Jumatatu, 22 Aprili

Amepatikana, chumbani kwa baba. Vitu vyote vilikuwa juu ya meza, na meza juu ya kitanda.

Alhamisi, 25 Aprili

Mochwari. Karani mwenye kalamu sikioni aliuliza uhusiano wangu na marehemu. Nikasema jirani. Akasema jirani hapewi mwili, aje ndugu. Nikasema hana. Akasema kila mtu ana ndugu, mkatafute. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, akainuka kwa goti lake lile akasema, "Andika mtoto wake. Alikuwa anamwita mwanangu, mimi ni shahidi."

Karani akaandika. Sehemu ya jina la mama wa marehemu tuliiacha wazi, hatukulijua.

Jumatatu, 29 Aprili

Baba anaishi kwangu sasa. Tunatazama ukuta.

Magazeti yote yana ujumbe wangu, kurasa za mbele. Wanasema watu elfu tisa walitoka ndani ya saa moja. Waliokufa ni mmoja. Wanaandika "mmoja tu", na mimi ambaye nimekata maneno ya watu maisha yangu yote sijawahi kuchukia neno kama hilo "tu". Mkuu, niliyemwona jiwe miaka yote, amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakuna barua. Wizara inataka mtindo huo uwe rasmi: Baba, Mama, Mwanangu. Ijumaa nitapongezwa mbele ya kamati ya wizara.

Sijamwambia mtu yeyote habari ya dakika thelathini na tisa, isipokuwa wewe, daftari.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imekatika. Wakati wa chai nilimwambia baba yote: ujumbe nilioukatia njiani, dakika, na pongezi za kesho. Nilitegemea atageukia ukutani. Hakugeuka.

"Siku ile mimi uliniita," akasema. "Yeye nani alimwita?"

Nikasema hakuna.

"Ile ya kwanza, ya serikali. Ile ilimwita?"

Nikafikiri. Nikasema ile ilimwita kila mtu, kwa hiyo ndiyo, ilimwita na yeye. Lakini alikuwa na mzee kichwa kigumu chumba cha pili, asingetoka na kumwacha.

"Hilo la kichwa kigumu ni langu, niachie mimi," baba akasema. Akaweka kikombe chini. "Lile lingine kaseme kesho."

Ijumaa, 3 Mei

Kamati ina watu saba na meza ndefu. Redio alikuja amevaa tai. Mwenyekiti alisoma ujumbe kwa sauti, taratibu, na mama mmoja wa kamati akajifuta macho. Nikaombwa niseme machache.

Nikasema ujumbe ule ulimtoa kila mtu asiyenijua. Nikasema wanaonijua walikaa, kwa sababu waliona si wao walioitwa, na mmoja wao, asiye na mtoto wa kumwita, aliusoma, akamsomea baba yangu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, akabaki. Nikawasomea ujumbe wake wote hadi mwisho, pamoja na saa. Neno "umeshampata" nililirudia.

Kisha mwenyekiti, kwa upole kabisa, akauliza mimi kama mwandishi napendekeza ujumbe uanze na neno gani. Baba, Mama, au Ndugu?

"Rudisheni ule wa zamani," nikasema. "Ule usio na mtu ndani. Mama Pindo alikuwa anaupenda."